Gari Lililozoea Mteremko

Karurumo, Jumamosi jioni, mwezi wa Agosti. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Kibirichia.

Mwanangu Gatwiri,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sweta, za blanketi mbili, za kutolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa, na za kutokunywa chai kwa kila mtu wa ukoo siku ya kwanza. Hapo mimi sina la kuongeza. Njia unaijua: Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru mjini, kisha unapanda mpaka masikio yazibe. Barua hii ni ya jambo lingine.

Juzi tukiwa chini ya gari, wewe kushoto mimi kulia, uliniuliza, "Baba, nikishapanda viazi, utakuja lini?" Nami nikakujibu, "Nipe spana ya kumi na saba." Ulinipa. Hukuuliza tena, na nilijua umesikia kwamba sijakujibu. Nitakujibu kabla karatasi hizi hazijaisha. Lakini niruhusu nifike huko kwa njia ya stata, maana jibu lenyewe nililipata humo.

Umesikia jinsi mimi nilivyotoka Kibirichia. Hujasikia jinsi gari lilivyotoka.

Babu yako alipofariki, mimi na baba yako mkubwa Kirimi tuligombania kipande cha juu, kile kinachopakana na msitu, ambacho kesho kutwa utakilima. Wazee wa ukoo walikaa nasi mara nyingi mpaka wakachoka na sauti zetu. Mwishowe wakasema mmoja aondoke kwanza, hasira zipoe. Kirimi alikuwa na ng'ombe na watoto wanne. Mimi nilikuwa na mshahara wa ualimu, sina mke, na nilikuwa na gari hilihili la 504, wakati huo bado likiitwa gari jipya na watu wasiojua magari. "Wewe una magurudumu," mzee mmoja akaniambia. "Wewe ndiye wa kwenda." Ikaamuliwa hivyo.

Kitu ambacho wazee hawakujua ni kwamba magurudumu yale hayakuwa yakienda popote bila watu. Stata ilikuwa imekufa. Ile mota ndogo, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo kazi yake yote ni kuizungusha injini kwa muda mfupi mpaka iwake yenyewe, ilikuwa ikisema "tak" na kunyamaza. Nikajiambia, mimi ni mtu aliyesoma, siondoki kwetu nikisukumwa. Nikaingia chini ya gari na spana. Betri nikaiacha kama ilivyo. Spana iligusa ule waya mnene utokao kwenye betri, na mkanda wa saa yangu, ambao ulikuwa wa chuma, ukagusa spana upande mmoja na chesisi, mwili wa chuma wa gari, upande wa pili. Sikuona kitu ila mwanga mweupe. Saa ikanigandia mkononi. Kovu unalijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kama hapo ndipo saa ilipozaliwa.

Aliyekuja mbio alikuwa Kirimi. Tulikuwa hatujasalimiana kwa wiki kadhaa. Alinivuta kwa miguu, akanimwagia mkono ndoo nzima ya maji ya ng'ombe, akautazama, na alipoona vidole vyote vinacheza akaanza kucheka.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ya kufungua betri kwanza haikuwa kwa mtihani?"

Siku ya kuondoka hakuna jirani aliyejitokeza. Kila mtu aliogopa kuonekana upande wa mmoja wetu. Uwanja wa kwetu, kama ulivyoona, ni tambarare kama meza. Mteremko unaanza nje ya lango. Nilikaa kwenye usukani na mkono uliofungwa kitambaa, magunia yangu ya vitabu nyuma, nikatazama mbele. Nikasikia gari linasogea. Kirimi alikuwa ameweka bega. Alilisukuma peke yake, kutoka mlangoni kwa mama hadi langoni, akikohoa. Pale langoni akaja dirishani, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi ya ukungu.

"Siku ya kurudi," akaniambia, "ukuje gari ikiwaka yenyewe. Mimi sisukumi mara ya pili."

Akasukuma mara ya mwisho. Gari likashika mteremko, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, injini ikawaka. Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara akijifuta mikono kwenye suruali. Miaka hii yote sijaweza kuamua kama kile kilikuwa kitendo cha ndugu au cha adui. Nimekiweka tu, kama mtu anavyoweka bolti iliyobaki baada ya kufunga mashine, bila kujua ilitoka wapi.

Sasa fikiria mtu aliyetoka kwao hivyo, amepewa shule ya kufundisha huku Runyenjes, na gari lake haliwaki. Mtu mwenye akili angetafuta fundi. Mimi nilitafuta mteremko.

Ninasema kweli. Nilikuwa mwalimu wa jiografia na nilijua kusoma ramani ya mwinuko kuliko nilivyojua kusoma watu. Kila mtu aliyekuwa akinunua kiwanja Karurumo alitaka mahali palipolala. Mimi nilizunguka ridge hii yote, mgongo huu wa kilima, nikitafuta mahali palipoinama sawasawa, pasipo kona wala shimo, kuanzia juu hadi barabarani. Nilipokipata kiwanja hiki, mwenyewe alinitazama kama mtu aliyemkuta mnunuzi wa jino bovu. Alimwita binti yake ashike ncha ya pili ya kamba ya kupimia. Binti akaishika, akashuka nayo mpaka barabarani, akapanda tena akihema.

"Mwalimu," akaniuliza, "watu wananunua mahali pazuri. Wewe unataka hapa kwa nini?"

"Ni kwa ajili ya gari," nikasema.

"Basi gari ndiyo itaishi hapa," akasema. "Wewe utalala wapi?"

Huyo ndiye mama yako. Umemsikia mara nyingi akisema kwamba nyumba hii ilijengwa na gari, ukadhani ni utani. Si utani. Banda la gari lilijengwa kwanza, juu kabisa. Kutoka bandani hadi barabarani niliacha njia pana, iliyonyooka, na nyumba nikaisukumia pembeni, kwenye mawe, ili isiikatize. Bomba la maji liko chini barabarani. Jiko liko juu. Mama yako, Igoki wangu, amepandisha maji ubavuni mwa njia ile tangu awe bibi harusi. Udongo mzuri wa kiwanja hiki wote uko chini ya njia ya gari. Kila mwaka mvua zikikaribia alikuwa akisimama pale na jembe akisema, "Migomba hapa ingekuwa na mikungu ya kumshinda mtu kubeba." Na kila mwaka nilimjibu, "Na gari litapita wapi?"

Gari lililala likitazama chini, usukani umenyooka, mawe mawili mbele ya magurudumu. Asubuhi unaondoa mawe, unaingia, unateremka, injini inawaka kabla hujafika kwa bomba. Nilijiona mjanja sana. Na nitakuambia kitu ambacho sikumwambia mama yako, ingawa nadhani alikijua: kila jioni nilipokuwa nikiyaweka yale mawe, nilifurahi kwamba naweza kuondoka. Wakinipigia simu kutoka nyumbani kwamba hasira zimepoa, sihitaji kumwomba mtu. Naondoa mawe mawili na ninakwenda. Hivyo ndivyo nilivyoishi hapa. Nilizaa hapa, nikastaafu hapa, nikazika wakwe zangu hapa, na gari likitazama barabara.

Siku ambazo hesabu haikutimia, gari likazima sokoni au mbele ya kanisa, watu wa Karurumo walinisukuma. Mwanzoni niliona aibu. Kisha nikagundua kwamba majina yote ya watu ninaowajua hapa niliyajua kwa mgongo wangu kuwaelekea, nikiwa kwenye usukani, wakiitana nyuma ya gari. Njeru, jirani yetu, ndiye alikuwa nahodha. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga ukelele wa "Tindika!" na wote wakasukuma kwa pamoja, na gari likishawaka hakuna aliyeondoka mpaka nirudi nyuma niwapungie mkono. Walinitania, "Mwalimu, leo hiyo gari imeamkia upande gani?" Walinitania pia kwamba mimi ni Mmeru aliyeolewa Karurumo. Nilicheka pamoja nao, na usiku nikakasirika peke yangu, kwa sababu niliamini mimi si wa hapa, mimi ninapita tu.

Ndipo mwaka huu Kirimi akapiga simu. Hakunipigia mimi. Alikupigia wewe, uliyekwenda kumsalimu mara mbili bila kuniomba ruhusa, na ninashukuru hukuniomba. Ulinifungulia simu nisikie. Sauti yake imekuwa nyembamba.

"Msichana, si ulisoma mambo ya kilimo hapo chuo kikuu cha Embu? Hicho kipande cha juu ni cha baba yako. Nimechoka kukiangalia kikiota majani. Kuja ulime viazi."

Ukamwambia utakwenda, na utakwenda na 504 ili ubebee magunia sokoni.

"Ile gari?" akasema. "Bado mnasukuma?"

"Bado, baba mkubwa."

"Basi mwambie huyo mwalimu mimi siko na mgongo."

Nilitoka nje nikaenda kulitazama gari. Kwa mara ya kwanza niliona wazi kwamba halifai kwenda kokote. Uwanja wa Kibirichia ni tambarare. Asubuhi kule kuna jalidi, mafuta ya injini yanakuwa mazito kama uji wa jana, na wewe utakuwa peke yako katika nyumba ya bibi yako na mzee mgonjwa wa kifua kama jirani. Mteremko wangu, nilioutafuta kwa ramani, sikuweza kukufungia kwenye gunia. Na kila mtu angekuona ukiingia kwa lango lilelile ukisukumwa, miaka thelathini na mbili baadaye, binti wa yule aliyesukumwa.

Ndiyo maana wiki hii yote tulikuwa chini ya gari.

Nataka ujue nilichokiona wakati wewe ulidhani natafuta nati. Niliona ulivyoanza. Kabla sijafungua mdomo, ulikuwa umeshafungua waya wa hasi wa betri, ukauzungushia kitambaa, ukauweka mbali. Hukunitazama mimi wala mkono wangu. Nilikaa kwenye gurudumu la akiba kwa muda, ukadhani magoti yananiuma.

Kabla ya hapo ulikuwa umewasha taa za mbele na kugeuza ufunguo, ukaniita nione zinavyofifia. "Umeme unafika, baba," ukasema. "Si betri. Stata ndiyo inakufia ndani." Miaka yote hii nilibadilisha betri. Kila betri mpya iliponishinda nilisema betri za siku hizi ni mbaya.

Nyaya tulizifunga nyuzi za cherehani za mama yako, nyekundu kwa ule mnene, njano kwa ule mwembamba utokao kwenye ufunguo, ili kurudisha kusiwe kubahatisha. Bolti mbili zilitoka kwa heshima. Ya tatu ndiyo ile iliyojificha juu, mahali ambapo mkono huingia lakini jicho haliingii. Nililala nikaipapasa, nikaijua kwa vidole kama mtu anavyomjua mtoto wake gizani, na ndipo ulipoliuliza lile swali lako, na mimi nikaomba spana. Bolti ile ilikataa. Tukainywesha mafuta, tukaiacha mpaka asubuhi. Kesho yake ilitoa mlio mmoja na kulegea, na stata ikashuka kifuani mwangu yote, na masizi yake na tope lake. Tope lile, Gatwiri, lilikuwa jekundu juu, la huku. Nilipokwangua kwa bisibisi, chini yake kulikuwa na jeusi, la kule kwetu, gumu kama lami. Sikukuambia. Nililiweka lile jeusi kwenye kiganja kwa muda kidogo, kisha nikajifuta kwenye suruali.

Ulichora mstari kwa msumari ubavuni mwake kabla ya kuifungua, ili kofia na mwili vikutane palepale wakati wa kufunga. Ndani kulikuwa kama bomba la moshi. Brashi moja ya kaboni ilikuwa imekwama kwenye kitundu chake, haigusi mahali inapopaswa kupitisha umeme. Lakini hilo lilikuwa dogo. Wewe ndiye uliyeiona ile kubwa. Uliizungusha rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka, kwenye mwanga wa mlango ukaniambia, "Tazama hapa, inang'aa." Ile pete ya shaba mbele, bushi inayoshika ncha ya mhimili, ilikuwa imelika mpaka tundu lake likawa na umbo la yai. Mhimili ukawa umelala upande mmoja, na rota ikawa inajisugua kwenye ukuta wa nyumba yake yenyewe. Nguvu zote za betri zilikuwa zikiishia katika kujisugua. Chuma kilikuwa kizima. Sumaku zilikuwa nzima. Ilikosa tu kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba.

Kwa kipande hicho nilijenga nyumba kwenye mawe.

Mjini Embu fundi Nyaga aliipindua mikononi akasema, "Mzee, hii ni ya makumbusho. Nikupatie ya Kijapani."

Wewe ukamwambia, "Fundi, makumbusho haibebi viazi. Tukerezee hiyo bushi."

"Huyu ni msichana wako?"

"Ni wangu," nikasema.

"Basi nitachonga mbili. Moja ya kuharibu."

Tuliiharibu siku hiyohiyo. Kosa ni langu. Nilikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa miaka thelathini. Niliigonga bushi mpya mahali pake kavu, kama ilivyotoka kwenye mashine, tukafunga, tukaiweka stata chini nikaikanyaga kwa kiatu, wewe ukagusisha nyaya za betri. Iliruka chini ya mguu wangu kama kuku, ikazunguka, ikapiga kelele moja ndefu, ikasimama. Moshi mwembamba ukatoka.

Sasa nitakuambia jambo la pili ambalo hukuliona. Niliutazama moshi ule nikahisi nafuu. Ilinijia kabla sijaweza kuizuia. Nikawaza: haondoki Jumapili. Sihitaji kumjibu. Nafuu ile ilinishtua kuliko ile cheche ya zamani, kwa sababu miaka yote nilidhani kinachonizuia ni chuma.

Mama yako alikuwa mlangoni na ungo. "Mmeipa mafuta?" akauliza.

Niliondoa kiatu juu ya stata, wewe ukaachia nyaya.

"Cherehani yangu ni ya zamani kuliko hiyo takataka," akasema, "na haijawahi kunipigia kelele. Kwa sababu naipa mafuta." Akarudi ndani.

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukatazama kwenye simu jinsi wanavyofanya, ukaichukua ile bushi ya pili, ukaziba tundu la chini kwa kidole, ukaijaza mafuta ya injini, ukabana juu kwa kidole gumba, ukasukuma. Ukasukuma mpaka uso ukabadilika rangi. Na tukaona, wewe na mimi, vichwa vimekaribiana, mafuta yakitoka jasho ubavuni mwa chuma, tone dogo, kisha jingine, kisha bushi nzima ikalowa nje. Nimesoma vitabu vingi na nimeona mambo machache mazuri kuliko hilo. Ilikuwa shaba, na ilikuwa inapumua.

Tulisugua mkanda wa shaba wa rota, ule unaoguswa na brashi, kwa msasa laini, tukakwangua mifereji yake kwa kipande cha msumeno, tukaweka brashi mpya, tukapangusa kila kitu. Safari hii nilipoikanyaga haikuruka. Ililia sauti moja safi, kama nyuki ndani ya mtungi, na ulipoondoa waya ikaendelea kuzunguka kidogo kwa raha zake.

Halafu leo mchana. Leo ulitaka kuliwashia bandani, nami nikakataa. Nikakuambia tuliteremshe injini ikiwa imezimwa, mpaka barabarani, pale mbele ya duka palipolala kabisa, na tuligeuze litazame juu. Uliniona kama nimechanganyikiwa. Lakini nilitaka liwe mahali ambapo mteremko haungeweza kudai kwamba umesaidia.

Watu waliona. Wangeachaje kuona? Njeru alikuja akikunja mikono ya shati, na nyuma yake wale wa duka, na vijana wa bodaboda, na wazee wawili waliokuwa wakitoka kwenye mkutano wa kanisa.

"Mwalimu amezeeka," Njeru akasema. "Ameweka gari mahali haiwezi kuteremka. Haya, tindika!"

"Hakuna kusukuma leo," nikasema.

"Sasa itawaka na nini? Na maombi?"

Hawakuniamini. Walikuwa tayari wamejipanga nyuma, mikono kwenye buti, miguu imekanyaga nyuma, kama walivyofanya mara zisizohesabika. Wewe ulikuwa kwenye usukani. Mimi nilisimama kando, mahali ambapo sijawahi kusimama, nikaziona kwa mara ya kwanza nyuso zao za kusukuma. Wakati wote nilikuwa nikiwapa kisogo. Sikujua kwamba Njeru hufumba macho anaposukuma.

Ukageuza ufunguo. Injini ikawaka papo hapo, kwa mguno mmoja, kama gari la mtu wa kawaida. Wao walibaki na mikono juu ya buti, wakiusikia mtetemo, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeondoa mkono. Kisha Njeru akafumbua macho.

"Zima," akasema. Ukazima. "Washa tena." Ukawasha. Watu wakapiga makofi. Ukazima, ukawasha, na mama yako akashuka njia yote na unga mikononi, na kila ulipowasha watoto wa duka waliruka. Njeru akajifuta mikono kwenye suruali.

"Basi umetufuta kazi, Mwalimu," akasema. Alicheka, lakini alikuwa na huzuni kidogo, na huzuni ile ilikuwa yangu, alinipa mimi. Nikamshika mkono, na hatukuachana haraka.

Na wewe, kwa akili yako ambayo sijui uliitoa wapi, ukampigia Kirimi, ukaiweka simu juu ya boneti. "Baba mkubwa, sikiliza." Ukawasha.

"Washa tena," Kirimi akasema. Ukawasha.

"Huyo baba yako yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie nimesikia." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mwambie na yeye akitaka kuja, akuje. Lango liko wazi."

Maneno hayo niliyangoja tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilidhani yakija nitaondoa mawe mawili na kwenda. Watu wote walinitazama, na wewe ulinitazama kuliko wote, na mimi nikasema nakwenda kuangalia banda.

Nilipanda ile njia kwa miguu. Banda lilikuwa tupu, na kule chini hakuna kitu kilichokuwa kikitazama barabara. Nilikaa humo kitambo, na nilipotoka nikamwona mama yako, aliyekuwa amepanda nyuma yangu, katikati ya njia na jembe. Alikuwa ameshachimba shimo la kwanza. Alikuwa na kamba, ameifunga ncha moja kwenye nguzo ya banda, anajaribu kuivuta mwenyewe mpaka chini ili migomba isimame kwa mstari.

"Shika hapa," akaniambia. "Wewe si ndiye wa kupima?"

Nikaifungua ile ncha, nikaishika. Akashuka na ile nyingine mpaka karibu na barabara, polepole, maana si msichana tena, akaikaza, akanitazama kutoka kule chini. Tulipima mashimo mpaka jua likashuka. Wewe uliniona ukadhani nakukimbia. Sikuwa nakukimbia. Nilikuwa nakujibu, ila sikuwa na pumzi ya kusema.

Ninachoweza kukupa kwa haya yote ni kidogo. Ukifika kule, egesha gari popote, na lielekee popote. Usipange nyumba yako kwa ajili ya kuondoka. Panda kitu kwenye udongo ulio bora mwaka wa kwanza, usingoje. Kirimi akikuudhi, na atakuudhi, mwambie akiwa bado karibu, usije ukawa na ukimya wa miaka wa kujaza kama mimi. Na kesho kutwa asubuhi, kukiwa na jalidi juu ya majani, kabla hajaamka, toka uwanjani uwashe injini. Mwache asikie akiwa kitandani. Hiyo ni salamu yangu kwake; hakuna haja ya kuongeza neno.

Nitakuja kula viazi vyako vikikomaa. Nitakuja kama wageni wanavyokuja, na sukari na majani ya chai, nitakaa na ndugu yangu juani, nitamwonyesha kovu, na atacheka tena. Kisha nitaomba ruhusa niondoke, kwa sababu kutakuwa na migomba ya kupalilia.

Umeniuliza nitakuja lini, na ulimaanisha kurudi. Ni mimi baba yako, wa Karurumo. Sitarudi Kibirichia.